Sufuria nene za kumimina: kwa wali ndiyo, kwa ukwaju hapana

Sufuria tunayoipima hapa utaitambua kwa macho kabla hujauliza. Ni nene, ya kijivu kilichofifia, masikio yake mawili yamemiminwa pamoja na mwili, na ukipitisha kidole ndani unakuta michirizi ya tupa na vitundu vidogo vidogo mfano wa ncha ya sindano. Utaziona zimepachikwa moja ndani ya nyingine katika masoko ya Unguja ya Darajani na Mwanakwerekwe, na kule Pemba katika maduka ya vyombo ya Chake Chake na Wete. Ukiigonga kwa ukucha hailii kama kengele, inatoa mlio mfupi, mzito.

Kwa kupika hatuna ugomvi nayo. Unene wake unasambaza moto wa seredani (jiko la makaa), kwa hiyo wali unaiva sawasawa, si katikati kuungua na pembeni mbichi. Ikianguka sakafuni haibonyei, ukiiteleka juu ya mafiga haipindi, na bei yake iko chini ya stili ya ukubwa uleule. Chombo kingekuwa kinapimwa kwa mapishi peke yake, hiki kingepata nne na nusu kati ya tano. Kinachokishusha ni asili ya chuma chake na kile kinachoingia kwenye mchuzi, yaani metali za sumu, hasa risasi na kadimiamu, maana madhara yake huishia mfupani.

Sufuria ya namna hii huzaliwa na vyuma chakavu: pistoni, vifuniko vya injini, radieta, rimu, waya, makopo ya soda, fremu za madirisha. Vyote huyeyushwa pamoja kwenye tanuri na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi. Risasi huyeyuka kwa 327 na kadimiamu kwa 321. Kipande chenye lehemu, mabaki ya betri au chuma kilichopakwa kadimiamu kikitumbukia humo, madini hayo yanayeyuka mapema na kuchanganyika na alumini, na fundi hana chujio la kuyatoa. Hata aliye mwaminifu kabisa hawezi kukwambia kilichomo, kwa sababu mchanganyiko wa leo si wa jana. Sufuria mbili za mkono mmoja, wiki moja, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. (Kadimiamu, kwa taarifa, huchemka kwa nyuzi 767. Wa mwanzo kuuvuta mvuke wake ni fundi aliyeinama juu ya tanuri, na yeye hakuna anayemuuliza hali.)

Mwaka 2017 watafiti walichapisha majibu ya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walichemsha humo tindikali ya siki iliyozimuliwa kwa saa mbili, kisha wakapima kilichoyeyuka. Vyombo 15 vilitoa mikrogramu moja ya risasi au zaidi kwa kila mlo wa mililita 250, na vyombo 10 vilivuka mikrogramu moja ya kadimiamu. Alumini yenyewe ilikuwa wastani wa miligramu 125 kwa mlo, ilhali kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu wa kilo 70 ni kama miligramu 20 kwa siku. Kipimo hicho ni kikali, hakuna anayepika siki saa mbili. Tena vyombo 27 havikufika mikrogramu moja ya risasi, kwa hiyo si kila sufuria nene ni mbaya. Shida ni kwamba mbaya na nzuri huwezi kuzitenganisha kwa jicho, kwa pua wala kwa ulimi. Risasi haina ladha, na mchuzi haubadiliki rangi kwa ajili yake. Wanaosema "chemsha ndimu, maji yakiwa meusi ujue ina risasi" wanakosea: weusi ule ni wa alumini inayoliwa na tindikali, na utauona hata kwenye sufuria isiyo na risasi hata chembe.

Kwa nini mifupa? Kwa sababu mwili huipokea risasi kama ndugu yake kalsiamu. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini imekaa mifupani. Katika damu hupungua nusu kwa mwezi mmoja hivi, lakini katika mfupa mgumu huchukua miaka 10 hadi 30. Na ikiwa huko haikai bure: huzizuia seli zinazojenga mfupa, na huvuruga kazi ya figo ya kuikamilisha vitamini D. Halafu hurudi. Mimba, kunyonyesha, na zaidi kukoma kwa hedhi ni nyakati ambazo mfupa hubomoka upesi kuliko unavyojengwa, na akiba ya ujanani hutoka pamoja na kalsiamu kuingia kwenye damu. Mama wa miaka 55 anaweza kuwa anatoa risasi ya sufuria aliyoacha kuipikia akiwa na 30.

Kadimiamu ina njia yake nyingine. Hujikusanya kwenye figo, ikakaa humo miaka na miaka ikiharibu vijifereji vinavyorudisha kalsiamu na fosfati mwilini. Madini hayo yanamalizikia kwenye mkojo, na mfupa unabaki bila tofali wala udongo. Mwisho wake ulionekana kwenye bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, Japani, ambako maji ya mgodi yaliingia mashamba ya mpunga. Walioumia zaidi walikuwa wanawake waliokwisha kuvuka umri wa kuzaa, na ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikubali rasmi kuwa chanzo ni uchafuzi huo. Walichokula wale hakilinganishwi na cha sufuria, hilo liwe wazi. Ila mvuta sigara anaingiza kadimiamu kila siku kwa mlango mwingine, maana mtumbaku huinyonya kutoka ardhini na mapafu huipokea kuliko tumbo. Kwake yeye sufuria ni nyongeza juu ya mzigo.

Alumini, ambayo ndiyo watu huiogopa zaidi, ina dhara dogo kwa mwenye figo nzima: chini ya asilimia moja ya iliyoliwa ndiyo hufyonzwa, na figo huitoa. Mwenye figo mbovu ni habari nyingine. Miaka ya 1970 wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa maji yenye alumini walilainika mifupa. Nyumba yenye mgonjwa wa figo, sufuria hii hatuipi hata alama moja.

Tuje jikoni. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, na utando huo husimama imara ikiwa pH ya chakula (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) iko kati ya 4 na 8.5 hivi. Wali, ugali, muhogo, ndizi mbichi, mbatata (viazi) na tui la nazi vyote viko ndani ya mipaka hiyo, kwa hiyo samaki wa nazi au pweza wa nazi hana neno, madhali ndimu inakamuliwa sahanini na si motoni. Ukwaju, ndimu, siki na embe mbichi viko chini ya 4. Tungule (nyanya) ziko mpakani, lakini rojo la biriani lililokaushwa kwa saa nzima, lenye chumvi na maziwa ya mgando, halihesabiwi tena kuwa mpakani. Upande wa pili yuko magadi, ambaye watu humsahau: chakula kilichozidishwa magadi huila alumini kama ukwaju unavyoila.

Urojo ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Rojo la embe mbichi, ndimu au ukwaju hukaa juu ya moto mdogo tangu alasiri mpaka usiku, likikorogwa na kuongezwa maji na ndimu tena. Saa tano au sita za tindikali ya moto ni karibu na kile walichokifanya wale watafiti maabara kuliko pishi jingine lolote la visiwani. Anayeuza urojo asinunue sufuria ya kumimina hata akipewa kwa nusu bei. Anayepika nyumbani kwa nusu saa na kuuhamisha papo hapo, hatari yake ni ndogo zaidi, ila haijaisha.

Kosa la pili hutokea mwezi wa Ramadhani. Ukwaju huchemshwa adhuhuri, ukaachwa upoe humo humo sufuriani mpaka jioni, kisha ukachujwa kwa juisi ya futari. Tumbo tupu hufyonza risasi mara kadhaa zaidi ya tumbo lenye chakula, na glasi ya mwanzo kushuka baada ya tende ndiyo hiyo. Dawa yake ni rahisi: ukwaju hauhitaji moto. Uroweke kwenye bakuli la kauri nyeupe au la kioo kwa maji ya uvuguvugu, uuvuruge kwa mkono, uchuje.

Kosa la tatu ni kiporo. Mchuzi ukilala humo, kazi inaendelea usiku kucha hata bila moto. Chakula chenye uchachu kihamishwe kikiwa bado cha moto. Chumvi nayo ina sehemu yake. Ya mawe ikitupwa kwenye maji baridi hutua chini na kuchimba vishimo mahali ilipotua, basi itiwe maji yakishatokota na ikorogwe. Nyumba za pwani zinazotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi zitaona sufuria yao inachimbika mapema kuliko za mjini, na sababu ni hiyo hiyo.

Kisha kukosha. Sufuria mpya ijazwe maji robo tatu, ichemke nusu saa, maji yamwagwe. Rudia mara mbili kwa maganda ya mbatata au maji yaliyooshea mchele. Ndani itageuka kijivu, kisha nyeusi. Weusi huo uachwe, maana ndio utando wenyewe umenenepa. Tatizo ni kwamba kwetu sufuria isiyong'aa ni aibu, kwa hiyo huletwa mchanga, jivu au stilwaya na ndani kukaparuliwa mpaka ukajiona uso, na pishi la kesho linakuta chuma kiko uchi. Jivu lina magadi yake vilevile. Ndani pakoshwe kwa sabuni na kumbi la nazi au sponji. Nje sugua utakavyo, jirani haoni kwingine. Lakini tusidanganyane: utando huo unapunguza, hauondoi, na kikombe kimoja cha ukwaju wa moto kinauvua. Ukiona weusi wa ndani umetoweka ghafla baada ya pishi, ujue umekwenda na chakula.

Anayenunua hata hivyo aiangalie dukani kwenye mwanga wa jua. Ikiwa vitundu ni vingi, iache, kwa sababu kila kitundu ni eneo jingine la kuliwa na tindikali. Ijazwe maji na kuwekwa juu ya gazeti kavu dakika kumi. Gazeti likilowa, iache. Mabaka ya rangi tofauti sehemu ya chini yanaweza kuwa kitundu kilichozibwa, na kinachozibia mara nyingi ni lehemu, ambayo ya kizamani ni bati na risasi. Kwa ajili hiyohiyo sufuria iliyotoboka isipelekwe kuzibwa. Pachiko la ukubwa wa kidole gumba linaweza kutoa risasi kuliko sufuria nzima.

Kuhusu vyombo vinavyoshindana nayo, sufuria nyembamba za kiwandani zilizobonyezwa kutoka bamba la alumini ni hatua moja mbele: bamba limetengenezwa kwa mchanganyiko unaojulikana, na uso wake ni laini usio na vitundu. Kwa ukwaju bado hazifai, na wali unazishika chini. Tatu na nusu.

Stili ndiyo ya chakula kichachu. Tafuta iliyochorwa 18/8 au 18/10 chini yake, yaani asilimia ya kromu na ya nikeli. Nenda na sumaku ndogo: ikinasa kwa nguvu ubavuni, hiyo si daraja ulilotajiwa, ingawa kunasa si dalili ya risasi. Chini pawe pazito, pawe na sahani iliyoongezwa, la sivyo biriani litaungua na jiko litabeba lawama. Mara chache za mwanzo stili hutoa nikeli na kromu zaidi kwa vyakula vichachu, kisha hupungua, kwa hiyo ichemshwe maji ya ndimu mara mbili tatu na yamwagwe kabla ya kupikia watu. Anayewashwa na hereni au saa za bei nafuu, pengine ana mzio wa nikeli, na huyo chungu kinamfaa zaidi. Stili tunaipa nne na nusu.

Chungu cha udongo kisichopakwa kitu, kile kinachonyonya maji ukikiroweka, ni kizuri kwa samaki na mchuzi mchachu, ila kinataka subira na hakipendi maji baridi kikiwa cha moto. Vyungu na bakuli za kung'aa ndani zenye rangi nyekundu, njano au machungwa, ambazo asili yake haijulikani, zibaki kuwa pambo. King'arisho cha udongo kinaweza kuwa na risasi, na rangi hizo zinaweza kuwa za kadimiamu.

Vikaango vya kutonata vina kisa chake. Katika utafiti uleule wa 2017, sufuria zilizopakwa utando wa aina hiyo zilipunguza alumini kwa zaidi ya asilimia 98, na metali nyingine zikashuka vivyo hivyo. Ila utando wenyewe ni jamaa wa kemikali za PFAS, zenye florini na zisizooza upesi, na uchunguzi uliofanywa Marekani umeona watu wenye nyingi zaidi katika damu wana mifupa isiyo na ujazo mzuri. PFOA, mojawapo ya kemikali hizo iliyokuwa ikitumika katika kuutengeneza, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali za sumu zisizooza. Kikitumika, kisiwekwe motoni kitupu, kisivuke nyuzi 260, kitumie mwiko wa mti, na kikianza kubanduka kitoke jikoni. Juu ya seredani, ambako moto hauna kipimo, hatukipendekezi.

Na tusiisahau midila na madeli ya kahawa. Shaba ya njano mara nyingi ina risasi kidogo ndani yake, na viungio hushikwa kwa lehemu, na kahawa hukaa humo ikichemka saa nyingi. Iliyotiwa bati safi ndani haina shida. Muulize fundi anatia bati tupu au lehemu: bati tupu huyeyuka kwa nyuzi 232, lehemu ya bati na risasi huyeyuka mapema zaidi, na fundi wa kweli anaijua tofauti hiyo kwa mkono. Midila ya kale inayouzwa Mji Mkongwe kwa wageni ni ya kutazama.

Si lazima kutupa kila kitu leo. Nyumba ikipata stili moja ya lita 5 kwa ajili ya biriani, achari na urojo, sehemu kubwa ya tatizo imeondoka, na sufuria nene inabaki na wali wake. Waanze kubadilisha wenye wagonjwa wa figo, wajawazito na wanaonyonyesha, wanawake walio karibu na kukoma hedhi au waliokwisha kuvuka, na wavutaji. Sahani ya pilau la shughuli mara moja kwa mwezi isimnyime mtu usingizi. Kinachohesabika ni sufuria ya kila siku.

Mlo nao unasaidia. Mwili ulio na upungufu wa kalsiamu hufyonza risasi zaidi, na ulio na upungufu wa madini ya chuma hufyonza kadimiamu zaidi. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, mwanamke aliyepita miaka 50 kama 1,200. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na ufuta ndivyo vinavyoifikisha. Mchicha una kalsiamu lakini sehemu kubwa imefungwa na oksaleti, kemikali ya majani inayoizuia isifyonzwe, basi usitegemewe peke yake. Mwenye wasiwasi wa kweli aombe kipimo cha risasi katika damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chanzo kitafutwe ikiwa imefika mikrogramu 5 kwa desilita. Picha ya kawaida ya eksirei haitamjibu, na kipimo cha ujazo wa mifupa kitamwambia mfupa umepungua, hakitamwambia nani kaupunguza.

Sufuria nene ya kumimina, basi: nne kwa wali na muhogo, moja kwa chochote chenye ukwaju. Ikitoboka, ijaze udongo na upande asumini mlangoni. Mchicha usiupande humo.